UZI: "Lean on Me" ya Bill Withers, zaidi ya miaka 50 na bado inaimbwa. Siri iko wapi? (Na namna ya kuupiga na kuupanga kwa kwaya)

#1 Kinanda_Kikavu

Wakuu, salaam. Kila ukifunguliwa uzi wa nyimbo za kutia moyo, huu unatajwa, watu wanasema "wimbo mtamu sana ule", mjadala unafungwa. Leo tuufungue injini tuone ndani kuna nini.

Historia kwa ufupi. Bill Withers alizaliwa 4 Julai 1938 Slab Fork, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko West Virginia, akakulia mji wa jirani, Beckley. Utotoni alikuwa na kigugumizi. Akakaa miaka 9 katika jeshi la majini la Marekani, kisha 1967 akahamia Los Angeles na kufanya kazi viwandani. Kazi mojawapo ilikuwa kufunga viti vya vyoo vya ndege. Albamu ya kwanza, *Just As I Am* ya 1971, imetayarishwa na Booker T. Jones, na kwenye jalada Withers amesimama nje ya kiwanda ameshika kisanduku chake cha chakula cha mchana. Wakati huo alikuwa na miaka 32 hivi. Katika biashara ya muziki huyo ni mzee tayari.

"Lean on Me" imo kwenye albamu ya pili, *Still Bill*, ya 1972, lebo ya Sussex. Mwenyewe alieleza kwenye mahojiano kwamba alinunua kinanda kidogo cha umeme aina ya Wurlitzer, akawa anatembeza vidole kupanda na kushuka bila kubadilisha umbo la mkono. Wimbo ukatokea hapo, na maneno akayachota kwenye maisha ya Slab Fork, mahali ambapo jirani akikwama unaenda bila kuitwa.

Hoja yangu ni hii: wimbo haukudumu kwa sababu ya maneno mazuri peke yake. Maneno mazuri yako mengi na yamekufa. Umedumu kwa sababu umejengwa na mtu asiye fundi wa kinanda, kwa hiyo hata asiye fundi anaumudu. Nani anapinga?

#2 mama_wa_alto

Swali kabla ya kupinga. Huu si wimbo wa dini? Kwaya nyingi zinauimba ibadani kabisa.

#3 Kinanda_Kikavu

Hapana dada. Pitia mashairi yote kuanzia juu hadi chini, Mungu hatajwi hata mara moja. Wala mbingu, wala maombi. Anayeongea ni mtu na mwenzake. Watu wanadanganywa na mambo mawili: kinanda kinaanza peke yake polepole kama utangulizi wa tenzi, na kuna mahali anaita "ndugu" kama mhubiri. Withers alikulia mazingira ya kanisa, harufu ipo. Lakini mapishi ni ya nje.

Hiyo nayo imeusaidia. Shule ya serikali, msikiti, kanisa, chama cha wafanyakazi, wote wanaweza kuuimba na hakuna atakayeona amevamiwa.

#4 Santuri_45

Naomba niweke takwimu maana watu huwa wanaropoka humu.

Singo ilishika namba 1 kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, Julai 1972, ikakaa wiki 3. Kwenye chati ya soul ya Billboard nayo ilifika namba 1. Uingereza haikufanya maajabu, iliishia namba 18. Singo iliyofuata, "Use Me", ikafika namba 2 Marekani. Kwa hiyo mwaka ule jamaa hakuwa mwimbaji wa wimbo mmoja kama wengine wanavyodai.

Kisha inakuja 1987. Kundi la Club Nouveau kutoka Sacramento linaupiga upya kwa mashine za ngoma na mdundo wa go-go (aina ya funk ya Washington, D.C.), na Machi mwaka huo unarudi namba 1 kwenye chati ileile ya Hot 100. Nyimbo zilizofika kileleni hapo kwa wasanii wawili tofauti ni za kuhesabu: "The Loco-Motion", "Please Mr. Postman", "I'll Be There" na nyingine chache. Grammy za 1988 zikampa Withers tuzo ya wimbo bora wa R&B akiwa mtunzi, kwa wimbo aliouandika miaka 16 nyuma! Ilikuwa Grammy yake ya tatu, baada ya "Ain't No Sunshine" na "Just the Two of Us". Wakati huo alishaachana na biashara ya kurekodi, albamu yake ya mwisho ni ya 1985.

#5 babu_wa_besi

Ile ya Club Nouveau ni uharibifu. Imetoa roho, imebakiza mifupa.

#6 Santuri_45

Babu, shikamoo, lakini hapo umekosea mlango. Mifupa ndiyo hoja ya mleta uzi. Chukua nyimbo nyingi za soul za 1972, ondoa nyuzi, ondoa ngoma za watu, weka mashine, zinaanguka. Huu ulisimama. Na vijana wa 1987 ambao hawakuwa wamezaliwa 1972 waliupokea kama wimbo mpya. Bila Club Nouveau, sidhani kama ile filamu ya 1989 iliyoigizwa na Morgan Freeman, kuhusu mwalimu mkuu Joe Clark wa Eastside High kule Paterson, New Jersey, ingechukua jina la wimbo huu.

#7 babu_wa_besi

Marahaba. Bado ni uharibifu.

#8 Kinanda_Kikavu

Twende kwenye mifupa sasa. Naandika kwa tonik solfa (d, r, m, f, s, l, t ni do, re, mi, fa, so, la, ti) maana ndiyo wanakwaya wengi wa huku wanaisoma. Do ni C.

Mstari wa kwanza: d d r m f
Wa pili: f m r d
Wa tatu: d r m m r
Unarudi: d d r m f, kisha f m r d
Unafunga: d r m t, d

Beti nzima ndiyo hiyo. Noti ya juu kabisa ni fa, ya chini kabisa ni ti iliyo chini ya do, na hiyo ti inaguswa mara moja tu, mwishoni. Withers akiimba anapambapamba, ila uti wa mgongo ni huu. Hakuna kuruka: kila noti inakwenda kwa jirani yake, isipokuwa pale mwisho sauti inapodondoka kutoka mi hadi ti. Mtoto wa darasa la pili anauimba. Mlevi anauimba. Asiyeweza kuimba kabisa anaubahatisha.

Kwenye kinanda weka mkono wa kulia E-G-C, C ikiwa juu. Usibadilishe umbo la vidole. Sogeza wote hatua moja: F-A-D. Tena: G-B-E. Tena: A-C-F. Vyote ni vitufe vyeupe. Ukifika hapo umeshapiga mstari wa kwanza, rudi ulikotoka na umepiga wa pili. Mkono wa kushoto unapiga C, D, E, F kufuata. Pa kubadilisha umbo ni mwisho tu, kwenye ile ti: piga G-B-D-F, kisha rudi C.

Wanaoanza wanakosea pale pale kila siku: wanapiga E-G-C, kisha wanang'oa mkono wote na kutafuta kodi ya pili upya (kodi ya muziki, yaani noti zinazopigwa pamoja, si ya TRA). Ukiinua mkono umechelewa. Telezesha.

#9 Nadharia_Ngumu

Mkuu umeeleza vizuri ila umeficha jambo. Ukishaweka mizizi ya kodi mkono wa kushoto, C D E F, na kodi nzima juu yake, umetengeneza nane sambamba na tano sambamba mfululizo, yaani sauti mbili zinatembea pamoja zikiwa zimeachana noti nane au tano muda wote. Mwanafunzi akiandika hivyo kwenye mtihani wa nadharia ya muziki, kalamu nyekundu mpaka pembeni. Tusiwafundishe watu makosa kwa kuwa aliyeyafanya ni maarufu.

#10 Kinanda_Kikavu

Kalamu nyekundu nakubali, kosa sikubali. Kanuni ya kukataza tano sambamba iliwekwa ili sauti nne zisikike kama watu wanne wanaojitegemea. Hapa Withers hakutaka watu wanne. Alitaka mtu mmoja anayetembea na mzigo. Kodi inapanda ngazi kama kitu kimoja, na sikio linausikia huo uzito. Ukiipanga "sahihi", sauti moja ikipanda na nyingine ikishuka, unapata tenzi nzuri ya kanisani, na wimbo umepotea.

#11 mama_wa_alto

Mnabishana kama vile hakuna njia ya kati. Ipo, na walimu wa kwaya wanaitumia.

Kwa sauti nne, usiwape watu wa besi kupanda na wengine. Besi ishikilie do tangu mwanzo wa mstari, iende fa pale tu soprano inapofika fa. Soprano inaimba d r m f. Alto iko nne chini yake: s l t d. Tena (sauti ya juu ya wanaume) iko chini ya alto: m f s l. Hesabuni wenyewe: kati ya soprano na alto ni nne, alto na tena ni tatu, soprano na tena ni sita. Hakuna tano sambamba hata moja, na sauti tatu za juu bado zinatembea kwa pamoja kama anavyotaka Kinanda. Besi iliyosimama ndiyo mtu anayeegemewa, hiyo nimeongeza chumvi mwenyewe.

Mambo yanayoharibika mara kwa mara:

Do ikiwa C soprano wanakuwa chini mno, kati ya C ya kati na F. Hapo wanapumua tu, hawaimbi. Pandisha do iwe F au G. Kwenye kibodi ni kitufe cha kupandisha: nusu hatua 5 kwa F, 7 kwa G. Mpiga gitaa aweke kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya 5 na apige maumbo ya C. Halafu mtu mmoja apewe kazi ya kurudisha kibodi sifuri wimbo ukiisha. Hili ndilo linaloleta aibu kubwa kwenye matamasha: wimbo unaofuata unaanza, gitaa liko C, kinanda kiko F, mwalimu anatabasamu kwa uchungu.

Alto nao wana tabia ya kuvutwa na soprano. Wanaanza s l, wakifika t wanapanda na kuimba m pamoja na wenzao. Wafundishe mstari wao peke yao mpaka uwe wimbo wao, ndipo uwaunganishe. Na tena wawe wachache, wakizidi wanaufunika mstari mkuu kwa kuwa wako sehemu nzuri ya sauti yao.

#12 Nadharia_Ngumu

Hiyo ya besi iliyosimama imekaa vizuri. Nimenyamaza.

#13 Mtoto_wa_Lubumbashi

Habari zenu. Niongeze kipande cha Kongo. Withers alikuwemo kwenye tamasha la Zaire 74, Kinshasa, tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974, uwanja wa 20 Mai. Lilipangwa liambatane na pambano la Ali na Foreman, lakini Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini na pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba. Muziki ukaendelea bila ngumi. Jukwaani walikuwemo James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Celia Cruz na Fania All Stars, Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley.

Kwenye filamu ya tamasha lile, *Soul Power* ya 2008, mtazameni Withers: amekaa na gitaa, anaimba wimbo wa huzuni, taratibu, uwanja mzima wa mpira. Wenzake wanatoka jasho na kuruka. Yeye hasukumi chochote. Ukimwona pale unaelewa kwa nini "Lean on Me" haina mahali pa kupiga kelele.

#14 babu_wa_besi

Nakazia. Waimbaji wa siku hizi wanaoufanyia mbwembwe, noti kumi kwenye silabi moja, wanamnyang'anya msikilizaji nafasi ya kuimba nao. Mary J. Blige aliuimba pale Lincoln Memorial, Januari 2009, kwenye tamasha la kuapishwa Obama. Yeye ana sauti na haki ya kupamba. Mwimbaji wa harusi ya Mbagala hana.

#15 Silabi_Tano

Kuna anayeuliza kila mara kama unaweza kuimbika kwa Kiswahili. Unaweza, na una bahati ya ajabu moja na tatizo moja.

Bahati: kichwa chake kwa Kiswahili ni "Niegemee". Hesabu: ni-e-ge-me-e. Silabi 5. Noti za mstari wa kwanza ni d d r m f. Noti 5. Kiingereza, "Lean on me", kina silabi 3 pale na inabidi kuivuta moja. Sisi tunajaa kama mguu kwenye kiatu.

Tatizo: mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mdundo mzito wa wimbo, pigo la kwanza la kipimo, unaangukia kwenye fa, yaani noti ya tano, silabi ya mwisho. "Niegemee" inanusurika kwa kuwa mwisho wake ni e mbili, sikio halitofautishi. Lakini ukiweka neno lolote lenye silabi 5 pale, mfano "tutasaidia" ukalikata, au "hatutaanguka" ukalibana, mkazo unahama na neno linasikika kama linatamkwa na mgeni wa wiki ya kwanza.

Dawa: andika mstari wa silabi 6, ile ya tano ikiwa yenye mkazo, na ya sita ikae kwenye fa hiyohiyo baada ya pigo. Jaribu "katika maisha": ka-ti-ka-ma-i-sha. Mkazo uko kwenye i, na i inaangukia fa. Inateleza yenyewe. Mstari wa pili, f m r d, una noti 4, kwa hiyo upe silabi 5, ya nne ikiwa na mkazo. Watafsiri wengi wanahesabu silabi tu na kusahau mkazo, ndiyo maana nyimbo nyingi zilizotafsiriwa zinaimbika lakini hazisemi.

#16 mama_wa_alto

Silabi_Tano, hii ingekuwa uzi wake. Sasa kwaya ikishatafsiri inaweza kurekodi na kuweka YouTube?

#17 Silabi_Tano

Kurekodi kwa maneno yaleyale na kutafsiri ni vitu viwili. Tafsiri ni kazi mpya iliyotokana na kazi ya mtu, na ruhusa yake inatolewa na mwenye haki ya utunzi, yaani mchapishaji wa wimbo, kwa maandishi. Withers alifariki 2020, na sheria ya Tanzania inalinda kazi miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, kwa hiyo msidanganywe kwamba ni "wimbo wa zamani, hauna mwenyewe". Pa kuanzia kuuliza ni ofisi za hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya. Barua itaje jina la wimbo, jina la mtunzi, tafsiri kamili, na mtautumia wapi. Mkipakia bila hayo, mtandao unaweza kuitambua melodi, mapato yakaenda kwa wenyewe au video ikaondolewa.

#18 Santuri_45

Kwa kuwa kifo kimetajwa. Alifariki 30 Machi 2020 Los Angeles kwa matatizo ya moyo, familia ikatangaza 3 Aprili. Angalieni kalenda: dunia ilikuwa imejifungia kwa korona, na wimbo tayari ulikuwa unaimbwa mitandaoni kwa ajili ya wahudumu wa afya. Watu waliusikia msiba huku wimbo wa marehemu uko mdomoni. Mwishoni mwa mwezi huohuo wasanii wa Kanada, wakiwemo Bryan Adams, Avril Lavigne na Justin Bieber, wakaurekodi kuchangia Msalaba Mwekundu wa nchi yao.

Na hapa nampinga mleta uzi kidogo. Nyimbo rahisi kuimba zipo nyingi. Huu ulichaguliwa 2020 kwa sababu ya ujanja ulio kwenye maneno: anayetoa msaada anakiri palepale kwamba hatachelewa kuuhitaji na yeye. Si tajiri anayemwonea huruma maskini. Ni kuazimana chumvi. Nyimbo nyingi za hisani, hasa zile za miaka ya 1980 zilizoimbwa kwa ajili yetu Waafrika, hazina hicho, zinaangalia chini kutoka juu. Ndiyo maana zinasikika Krismasi na huu unasikika wodini.

#19 Kinanda_Kikavu

Hapo nimekubali nusu. Ila maneno hayo yangekuwa kwenye melodi ya kuruka ngazi nane, nesi aliyetoka zamu ya usiku asingeyaimba.

#20 Santuri_45

Nusu inatosha.

#21 kijana_wa_kibodi

Wakuu, uzi umeshiba. Swali la mwisho: kikundi kinaanza vizuri, ila kikifika ile sehemu ya katikati ya kupiga makofi kila kitu kinakimbia. Shida ni mpiga ngoma?

#22 mama_wa_alto

Si mpiga ngoma, ni makofi. Wimbo uko kama mapigo 75 kwa dakika, polepole, na nafasi kati ya kofi na kofi ni kubwa. Watu hawavumilii nafasi tupu, wanaijaza kwa kuwahi. Pia kodi hapo zinatulia, kinanda hakitembei tena ngazi, kwa hiyo kile kilichokuwa kinawashika mkono kimeondoka.

Fanya hivi. Makofi pigo la 2 na la 4 tu, kamwe si la 1. Kwenye pigo la 1 na la 3 wakanyage mguu kimyakimya, ili mwili uwe na kazi ya kufanya. Besi ishike hesabu, mwalimu aiangalie besi na si waimbaji. Mfanye sehemu hiyo bila vyombo mara 4 mfululizo huku metronomu ya simu iko 75, kisha izime na mrudie, muone mmeishia wapi. Wakiishia 80 rudieni. Na ule wito wa mwishoni unaorudiwarudiwa, kubalianeni idadi kabla. Mara 4, mkono wa mwalimu unafunga. Msipokubaliana, soprano wataacha ya 4, tena wataendelea ya 5, na mpiga kinanda atabaki anawatafuta.

#23 babu_wa_besi

Na hao tena lazima waendelee. Hawajawahi kuhesabu.